Maswali ya Bahari: Breki, Chubwi na Samaki Aliyetoa Tumbo Mdomoni

Tangu likizo ya Disemba imalizike, barua nyingi zilizofika kwenye meza hii zimetoka kwa wakazi wa Nairobi walioteremka Pwani kwa gari moshi, wakapanda boti siku moja au mbili, kisha wakarudi bara na mambo waliyoyaona kwa macho yao ila hawakuelezwa sababu zake. Nimechagua chache. Nyingine ziliuliza bei za boti, na hizo nimeziacha kwa sababu mimi si dalali.

Mjomba, shikamoo. Mimi na wenzangu wa kazini tulikodi boti Watamu. Samaki mkubwa aliuma kwenye fimbo niliyokuwa nimeishika, akakimbia na uzi mbali sana. Nilipoona uzi unakaribia kuisha nikakaza breki ya rili, baharia akapiga kelele, "Legeza, legeza!" Kabla sijafanya lolote, ukakatika. Si kukaza ndiko kunakomzuia samaki? Na mapema zaidi, nilipochoka, kwa nini baharia huyo alikataa kunipokea fimbo? — Msomaji, Lang'ata

Marahaba, mpwa wangu. Kwanza tulisafishe neno, maana hapa Nairobi mshipi ni kitu cha kufungia suruali, na nimewahi kumshuhudia mwenye duka akiulizwa mshipi wa kuvulia akaenda kuleta mikanda ya ngozi. Kwa mvuvi, mshipi ni uzi wa kuvulia pamoja na vilivyofungwa mwishoni mwake: ndoana inayomshika samaki, chambo kinachomvuta, na chubwi, yaani kipande cha risasi kinachouzamisha uzi hadi kina kinachotakiwa. Wazee wengi wa Pwani huvua kwa mshipi mkononi, bila fimbo, na kidole cha shahada ndicho kinachowaambia kama samaki anadonoa tu au amekwisha kumeza. Wewe ulipewa fimbo na rili, yaani chombo chenye kigurudumu cha kukunjia uzi, na kwenye rili kazi ya kidole hicho hufanywa na breki.

Breki ya rili haikuwekwa ili kumsimamisha samaki. Imewekwa ili uzi utoke kwa ugumu uliopimwa, samaki achoke kwa kuuvuta na uzi wenyewe usifike mahali pa kukatika. Mshipi ulioandikwa pauni 30 hukatika ukivutwa kwa nguvu ya takriban kilo 13.6, lakini mabaharia wenye uzoefu huitega breki kwenye robo au theluthi ya nguvu hiyo, yaani kilo 3 na nusu hadi 4 na nusu hivi. Mgeni huona huo ni woga wa bure, kumbe nguvu inayoachwa bila kutumiwa ina kazi yake baadaye. Uzi umekunjwa kwenye kigurudumu, na kigurudumu kikiwa kimejaa, samaki huvuta kutoka kwenye ukingo mpana, kama fundi anayefungua nati kwa spana ndefu. Kadiri uzi unavyotoka, mkunjo uliobaki huzidi kuwa mwembamba, na sasa samaki anafungua nati ileile kwa spana fupi. Upana wa mkunjo ukipungua hadi nusu ya ulivyokuwa, nguvu inayohitajika kuuzungusha huwa maradufu, ijapokuwa hakuna mkono uliogusa breki. Ongeza hapo mamia ya mita za uzi unaoburutwa majini, ambao nao unavutana na maji, hasa samaki akikata kona na uzi ukajipinda nyuma yake. Kwa hiyo zile kilo nne ulizoanza nazo zilikwisha kuwa nane au zaidi wakati ulipoingiwa na hofu, na wewe ukaongeza nyingine kwa mkono wako mwenyewe. Uzi ukielekea kuisha, breki hulegezwa kidogo na nahodha hugeuza boti kumfuata samaki, nawe ukaurudisha uzi kigurudumuni mita kwa mita.

Hata hivyo, kulegeza nako kuna mpaka. Wahenga walisema hasira ya mkizi ni furaha ya mvuvi, na yeyote aliyemwona mkizi akiruka mwenyewe hadi ndani ya mashua anaijua maana yake. Samaki anayekimbia kwa ghadhabu hutumia nyama yake nyeupe, ambayo hufanya kazi kwa nguvu nyingi na kwa muda mfupi bila kungoja oksijeni, na mabaki yake ni asidi inayojilimbikiza mwilini. Ndiyo maana huchoka. Lakini breki ikiwa laini mno na vita vikaendelea kwa saa kadhaa, asidi hiyo huweza kumuua hata baada ya kuachiliwa, na hapo umemrudisha baharini samaki ambaye hataishi.

Kuhusu fimbo, baharia alikuwa akikulindia haki yako. Kanuni za shirika la kimataifa la uvuvi wa mshipi, IGFA, lililoundwa mwaka 1939, zinadai mtu mmoja apambane na samaki peke yake tangu anapouma. Mwingine akigusa fimbo au rili, samaki huyo hahesabiwi kwenye rekodi. Kwa kanuni hizo ndipo Alfred Glassell alipoandikiwa nduaro mweusi, yule samaki mwenye mdomo kama mkuki, wa kilo 707 aliyevuliwa Cabo Blanco, Peru, mwezi Agosti 1953, na hadi leo hajapatikana wa kumzidi. Wapo mabaharia wanaoishika kanuni hiyo hata kwa mgeni ambaye hajui kama kuna rekodi.

Mwalimu wetu wa Bayolojia alisema samaki wa baharini hunywa maji lakini samaki wa ziwani hanywi. Darasa zima tulicheka. Je, ni kweli? — Mwanafunzi, Kayole

Ni kweli, na mwombeni mwalimu radhi. Lita moja ya maji ya bahari ina takriban gramu 35 za chumvi, ilhali damu ya changu au ya tasi ina kama theluthi tu ya hizo. Maji yana tabia ya kupenya utando mwembamba yakielekea upande wenye chumvi nyingi, na samaki ana utando mwembamba mno kwenye matamvua, yale majani mekundu yaliyo chini ya kifuniko cha shavu ambako hupatia oksijeni. Basi changu, akiwa katikati ya bahari, anakaushwa mchana na usiku, kama sukuma wiki iliyokatwa, ikanyunyiziwa chumvi na kuachwa ikitoa maji kwenye sinia. Hujiokoa kwa kunywa maji ya bahari, kuitoa chumvi ya ziada kupitia chembe maalumu za matamvua yaleyale, na kukojoa kidogo sana.

Ngege wa Ziwa Viktoria yuko katika taabu iliyo kinyume cha hiyo. Damu yake ina chumvi kuliko ziwa, kwa hiyo maji humwingia bila kuitwa, naye hana haja ya kunywa. Kazi yake ni kukojoa mkojo mwingi mwepesi huku akiing'ang'ania chumvi aliyo nayo. Wapo wachache wanaoziweza hali zote mbili, kama mwatiko, na kwa sababu hiyo amekuwa samaki wa kufugwa kwenye mabwawa ya Pwani, ambako mvua na maji ya bahari hupokezana.

Papa ana hila yake peke yake. Yeye huhifadhi yurea nyingi kwenye damu, kitu ambacho sisi hukitoa kwa mkojo, hata damu yake ikalingana na bahari na maji yasipate sababu ya kumtoka. Anapokufa, bakteria huigeuza yurea hiyo kuwa amonia. Aliyewahi kupita penye papa mkavu sokoni Mombasa akaziba pua, alikuwa akinusa hila hiyo.

Tulivua kwa mshipi wa mkono karibu na Shimoni. Chewa mmoja mdogo alipofika juu, macho yalikuwa yamemtoka na kitu kama puto kilimjaa mdomoni. Mwenzetu akakitoboa kwa kisu akisema anamtoa hewa. Tulimrudisha majini lakini akaelea ubavu. Tulikosea wapi? — Msomaji, Ngara

Mlikosea mara mbili, na kosa la kwanza lilitendeka kabla hamjamwona.

Samaki wengi wa miambani wana kibofu cha hewa chini ya uti wa mgongo, ambacho huwawezesha kutulia katika kina wanachokitaka bila kuzama wala kupanda. Kibofu cha chewa hakina tundu la kutokea. Gesi huingia na kutoka kupitia damu, polepole. Sasa fikiria uzito wa maji. Kila mita 10 unazoteremka huongeza mkandamizo unaolingana na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo samaki aliye mita 40 chini anabanwa kwa nguvu mara tano ya ile ya juu ya maji. Mkimvuta kwa dakika moja au mbili, gesi iliyokuwa imebanwa hutanuka mara tano ndani ya tumbo lisilo na nafasi. Hulisukuma tumbo la chakula hadi likapinduka na kutokea mdomoni, na macho yakasukumwa nje. Kile kitu kama puto hakikuwa kibofu. Kilikuwa tumbo lake la chakula, na mwenzenu alilitoboa.

Njia inayofaa ni kumrudisha chini upesi. Bahari itaibana gesi upya, na tumbo litarudi mahali pake lenyewe. Wavuvi hutumia chubwi zito lililofungwa kwenye ndoana isiyo na ule mwiba mdogo wa kuelekea nyuma: ndoana hupitishwa kwenye ngozi ya taya, chubwi likamshusha hadi karibu na mwamba, kisha mshipi ukavutwa ghafla na ndoana ikachomoka. Samaki asiachwe juani kwa ajili ya kupigwa picha. Anayejua atavua kilindini hupanga hayo mapema, ama huhama aende maji ya mita chache, ambako samaki mdogo aliyeshikwa kwa bahati mbaya anaweza kurudishwa bila madhara makubwa.

Mtauliza mbona nguru hatoi tumbo hata akivutwa kutoka chini. Nguru hana kibofu cha hewa hata kidogo, wala papa hana. Nguru akisimama huzama, kwa hiyo hasimami maishani mwake mwote.

Watoto wangu wanabishana: pweza ni samaki au si samaki? — Mama wa wawili, Umoja

Si samaki. Hana uti wa mgongo, hana magamba wala mapezi, ana mioyo mitatu na damu ya buluu, na jamaa zake ni ngisi na konokono. Nyangumi na pomboo nao si samaki, kwani hupumua hewa kwa mapafu na hunyonyesha. Lakini mtoto atakayesema "samaki" asichapwe: mchuuzi wa Pwani huwapanga pweza na changu meza moja, na hapo neno samaki lina maana ya kitoweo kilichotoka baharini.

Nikinunua samaki wa baharini pale City Market huwa nawabonyeza na kuwachagua walio laini, kwa kuwa methali inasema "samaki mkunje angali mbichi." Jirani yangu ananicheka, ananiambia nichague walio wagumu. Nani ana haki? — Msomaji, South B

Jirani yako, ingawa methali haikudanganya. Walioitunga walikaa ufukweni, nawe unakaa karibu kilomita 500 kutoka baharini.

Samaki aliyekufa sasa hivi ni laini na hukunjika utakavyo, kwa sababu nyama yake bado ina nguvu kidogo ya kuifanya ilegee. Nguvu hiyo ikiisha, nyuzi za nyama hushikana na kujifunga, na samaki mzima akawa mgumu kama ubao. Huchukua saa moja hadi saa kadhaa kutegemea aina, joto na alivyotapatapa kabla ya kufa. Ukilazimisha kumkunja wakati huo, nyama hupasuka. Hapo ndipo methali ilipotoka, na mzazi akaambiwa amwelekeze mtoto kabla hajawa mgumu. Baada ya muda, vimeng'enya vya samaki mwenyewe na bakteria huanza kuivunja nyama, naye akawa laini kwa mara ya pili. Kuna ulaini mara mbili, basi, na ule wa kwanza haufiki Nairobi. Kwenye meza ya hapa, samaki mgumu aliyelala kwenye barafu amekufa karibuni au ametunzwa vizuri, na ulegevu unaouona ni ule wa pili.

Usitegemee ubonyezaji peke yake. Jicho liwe limejaa na liwe angavu, lisiwe limedidimia na kufanya ukungu. Inua kifuniko cha shavu uone matamvua. Mekundu ya damu ni mema, ya kahawia au ya kijivu yana habari mbaya. Ukibonyeza, nyama irudi upesi na alama ya kidole ipotee. Harufu iwe ya mwani na maji ya bahari. Muuzaji asiyekuruhusu kuinua kifuniko cha shavu amekwisha kukujibu.

Kwa jodari, nguru na vibua lazima uwe mkali zaidi. Nyama yao ina kwa wingi kiini ambacho bakteria, samaki akiachwa kwenye joto, hukigeuza kuwa histamini, na histamini haiondoki kwa kukaangwa, kuchemshwa wala kugandishwa. Mlaji huwashwa ulimi, uso ukawa mwekundu, kichwa kikamgonga, mara nyingi ndani ya saa moja. Wengi husema wana mzio wa samaki, kumbe samaki alikosa barafu.

Baharia alituambia tusije siku za maji mafu. Maji hufaje? — Msomaji, Roysambu

Hupungukiwa na nguvu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua na mwezi huivuta bahari kwa mstari mmoja na maji hujaa sana na kupwa sana; hilo ni bamvua, na Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku ya saba hivi baada ya hapo, mwezi ukiwa nusu, mivuto miwili hukingamana na maji husogea kidogo tu. Hayo ndiyo maji mafu. Maji yanayojaa huingia juu ya miamba iliyokuwa wazi, na tasi na changu huyafuata kula kilichofunikwa, kwa hiyo maji yasiposogea nao hawasogei sana. Lakini bamvua nalo lina mkondo mkali unaodai chubwi zito, na mimi kwa mshipi wa mkono napendelea siku ya tatu au ya nne baada ya kilele chake. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, kwa hiyo saa uliyoambiwa jana usiitumie leo. Na popote utakapokwenda, ndani ya hifadhi za taifa za bahari za Watamu na Malindi, zilizotangazwa mwaka 1968, hairuhusiwi kuvua kwa njia yoyote, maji yawe mafu au hai.

Nahodha wetu alimwita kila nduaro mkubwa "bibi," na akasema chewa wakubwa wote ni madume waliokuwa majike. Alikuwa akitutania? — Msomaji, Buruburu

La. Chewa wa aina nyingi huzaliwa jike, hutaga mayai kwa miaka, kisha wakishakuwa wakubwa baadhi yao hugeuka dume. Pono hufanya vivyo hivyo, na kwake utaona hata kwa macho: jike mara nyingi ni wa kahawia au kijivu, na dume mkubwa ni wa kijani na buluu kama kanga mpya. Dume anayetawala akitoweka, jike mkubwa aliyebaki huweza kushika nafasi yake. Kwa hiyo mwamba unaovuliwa chewa wakubwa peke yao hubaki na majike mengi na madume wachache wa kuyatungisha mayai, na wavuvi wakashangaa mbona wadogo hawaonekani.

Nduaro hageuki. Kwake dume hukoma kukua mapema, na nduaro buluu dume ni nadra kupita kilo 200, ilhali jike huendelea hadi mara kadhaa ya uzito huo na hubeba mayai kwa mamilioni. Ukimwona wa kilo 300 amefungwa ubavuni mwa boti, ama akikatiwa mshipi aende zake, kama mabaharia wengi wanavyofanya siku hizi, nahodha wako hahitaji kumchunguza zaidi. Ni bibi.